Ruta ya Zamani na Namba 94: Jinsi ya Kujua Kinachobana Intaneti ya Waya Nyumbani

Ukilipia megabiti 200 au 500 kwa sekunde, ukachomeka waya kwenye kompyuta, na kila ukipima unapata 94, usiipigie kampuni simu bado. Hiyo 94 ina maana moja karibu kila mara: mahali fulani kati ya kisanduku cha faiba na kompyuta yako kuna poti au waya unaofanya kazi kwa megabiti 100. Kasi uliyolipia inafika mlangoni, kisha inabanwa ndani ya nyumba.

Hapa Kisumu jambo hili limezidi kwa sababu vifurushi vya faiba vimeongezwa kasi huku ruta zikibaki zilezile zilizonunuliwa Oginga Odinga Street wakati megabiti 10 ilikuwa anasa. Ruta yenyewe haijaharibika. Inafanya kazi iliyoundiwa. Ethernet, yaani mfumo wa kuunganisha vifaa kwa waya, ya megabiti 100 iliidhinishwa mwaka 1995, na ya gigabiti (megabiti 1000) kwa nyaya za kawaida za shaba ikafuata 1999, ila watengenezaji wa ruta za bei ya chini wameendelea kuweka poti za 100 kwa kuwa ni nafuu. Kwa hiyo usiangalie umri wa boksi peke yake. Unaweza kununua ruta mpya kabisa leo, ikiwa bado na karatasi ya plastiki juu, na ndani yake kuna poti za 1995.

Mwongozo huu ni wa intaneti ya waya. Waifai ina mambo yake, lakini kumbuka hili moja: ikiwa poti inayoleta intaneti kwenye ruta ni ya 100, hata simu iliyokaa sentimita kumi kutoka kwenye antena haitavuka 94.

Kwanza, soma kifurushi chako

Tafuta ujumbe wa malipo au ingia kwenye akaunti yako uone kasi uliyolipia. Kampuni huuza kwa megabiti. Kompyuta ikipakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5. Mtoto akikuambia mchezo wake unapakuliwa kwa megabaiti 11 na ushee kila siku bila kuzidi, hiyo ni 94 ileile.

Kama kifurushi chako ni cha 15, 30 au hata 80, poti ya 100 haikupunguzii kitu. Anayekuuzia ruta ya gigabiti ili "kuongeza kasi" ya kifurushi cha 30 anakuuzia boksi zuri. Unaweza kuwa na sababu nyingine ya kubadilisha ruta, ambayo nitaifikia, lakini si hii. Ukiwa na kifurushi cha 100 kamili, tofauti ya 94 na 100 hutaisikia, usitumie hela. Kuanzia 150 kwenda juu ndipo kazi ya hapa chini inalipa.

Hatua ya 1: pima kwa namna isiyobishaniwa

Chukua laptopu au kompyuta ya mezani, uichomeke kwa waya kwenye ruta, kisha uzime waifai ya kompyuta hiyo. Wengi husahau hili la kuzima, wakapima waifai wakidhani wanapima waya. Funga VPN kama unatumia. Waambie walio nyumbani wasimamishe video kwa dakika tano. Pima kwa Speedtest, na uchague seva iliyo Nairobi, si ya London wala Johannesburg. Seva ya mbali inapima pia barabara ndefu iliyo katikati, na hiyo si hoja yako leo. Rudia asubuhi na tena usiku, saa ambazo mtaa mzima uko mtandaoni. Piga picha ya kila jibu.

Kipimo kinachopanda na kushuka kulingana na saa kinaonyesha msongamano upande wa kampuni. Kipimo kinachosimama palepale asubuhi na usiku kinaonyesha ukuta, na ukuta kwa kawaida ni kifaa.

Hatua ya 2: isome namba

Kwa nini 94 na si 100? Kila pakiti kamili ya baiti 1500 hutumia nafasi ya baiti 1538 kwenye waya, ukihesabu anwani, alama za kuanzia na pengo la lazima kabla ya pakiti inayofuata. Ndani ya zile 1500, baiti 40 hadi 52 ni vichwa vya itifaki. Data yako halisi inabaki 1448 au 1460. Gawanya kwa 1538 unapata asilimia 94 hadi 95. Ndiyo sababu poti ya 100 yenye afya hutoa 94, na poti ya gigabiti yenye afya hutoa karibu 940. Ukiona 940, hapo hakuna cha kutafuta.

Ukiona 9 na kitu, waya umeanguka hadi kiwango cha megabiti 10, na hapo karibu kila mara kebo au kichwa chake ni kibovu. Namba iliyo kati ya 150 na 400, inayoyumba, na kifurushi ni kikubwa kuliko hapo, inaelekeza kwenye ubongo wa ruta, yaani prosesa yake, au kwenye adapta ya USB. Laptopu nyembamba za siku hizi hazina poti ya waya, watu hununua adapta. Za bei ya chini nyingi ni za 100, na ile ya gigabiti ikichomekwa kwenye USB 2.0 hukwama kwenye mia tatu na kitu.

Hatua ya 3: iulize kompyuta yenyewe

Kipimo cha mtandaoni ni ushahidi wa mbali. Kompyuta yako inajua waziwazi imeunganishwa kwa kasi gani, ni kuiuliza tu. Kwenye Windows 11 fungua Settings, ingia Network & internet, kisha Ethernet, ushuke hadi ulione neno Link speed. Itaandika 100/100 (Mbps) au 1000/1000 (Mbps). Kwenye Windows 8 kwenda juu unaweza kufungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter` na usome safu ya LinkSpeed. Wa Linux waandike `ethtool` na jina la poti yao.

Ikisema 1000 na bado unapata 94, kizuizi kiko mbele ya ruta: poti yake ya kuingizia intaneti, waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba, au kisanduku chenyewe. Ikisema 100, kizuizi kiko kati ya kompyuta na ruta. Umeshapunguza kazi nusu bila kufungua skrubu hata moja.

Ukiona 100, kabla ya kulaumu kitu chochote fungua Device Manager, chagua kadi ya mtandao, nenda Advanced, utafute Speed & Duplex. Inatakiwa iwe Auto Negotiation. Nimekuta kompyuta za ofisi za mtumba ambazo mtu fulani zamani aliziwekea 100 kwa mkono, zikabaki hivyo miaka.

Hatua ya 4: kebo, na ukuta wa landlord

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi, kwa sababu ruta husingiziwa makosa ya waya kila siku.

Megabiti 100 inahitaji jozi mbili tu za nyaya ndani ya kebo, yaani nyaya nne, kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inahitaji jozi zote nne, nyaya nane. Moja ya zile jozi mbili za ziada ikikatika au pini yake ikiwa haijagusa vizuri, vifaa vingi havizimi. Vinashuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea kufanya kazi. Hutaona taa nyekundu wala ujumbe wowote.

Sasa kuna mchezo wa mafundi wa nyumba za kupanga. Dada mmoja anayehariri video za harusi, kwenye ghorofa huko Milimani, aliniambia, "Fundi, hawa watu wa intaneti wananiibia. Nalipia mia mbili, wananipa nusu." Ruta yake ilikuwa ya gigabiti, laptopu vilevile. Tulipofungua kibao cha ukutani chumbani, nyuma ya poti kulikuwa na nyaya nne tu: za chungwa na za kijani. Za bluu na za kahawia zilikuwa zimekunjwa zikaelekea sebuleni, kwenye poti ya pili. Fundi wa ujenzi alikuwa amevuta kebo moja akahudumia vyumba viwili. Wakati ule, kila mtu akiwa na megabiti 10, hakukuwa na ubaya. Poti zote mbili zilifanya kazi, na hakuna hata moja ingeweza kuvuka 100 milele. Tulichagua chumba cha kazi, tukarudisha nyaya zote nane pale, sebule ikabaki na waifai.

Kwa hiyo chunguza hivi. Tafuta kebo fupi mpya iliyoandikwa CAT 5e au CAT 6 ubavuni, uichomeke moja kwa moja kati ya kompyuta na ruta, bila kupitia ukutani. Angalia Link speed tena. Ikipanda hadi 1000, ruta haina kosa. Kebo ya zamani au ukuta ndio uliobana. CAT 5e inatosha kabisa kwa gigabiti hadi mita 100, hivyo usikubali kushawishiwa ununue CAT 8 kwa chumba cha mita nne. Jihadhari zaidi na kebo za bei ya kutupa zinazoandikwa CCA: ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika upesi kwenye vichwa na hazitabiriki masafa yakiwa marefu.

Ukiamua kukaza kichwa upya, mpangilio wa T568B, ukikishika klipu ikitazama chini na pini zikiwa mbele, kushoto kwenda kulia ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Kile kipimio kidogo chenye taa nane ni cha bei nafuu na kitakuonyesha waya uliokatika, ingawa hakiwezi kukuambia kebo ni duni.

Na kuna radi. Ukanda huu wa ziwa, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kisii, hupata ngurumo kuliko sehemu nyingi za nchi, na poti iliyopigwa na msukumo wa umeme si lazima ife. Huweza kupoteza jozi moja na kubaki ikifanya kazi kwa 100. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, lakini waya wa shaba unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye ruta unapitisha, na uliovutwa nje kutoka nyumba kubwa hadi servant quarter ni hatari zaidi. Ikiwa poti moja ya ruta inatoa 100 na ya jirani yake inatoa 1000 kwa kebo ileile, umempata mgonjwa. Hamia poti nyingine.

Hatua ya 5: ruta na kisanduku cha faiba

Geuza ruta usome jina la modeli chini yake, kisha utafute maelezo yake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unachotafuta ni maneno 10/100 au 10/100/1000 kwenye mstari wa poti, kwa WAN (poti inayoleta intaneti) na kwa LAN (poti za kompyuta zako). Puuza namba kubwa za kwenye boksi. AC1200 ni jumla ya waifai mbili, 300 na 867, na haisemi lolote kuhusu waya. TP-Link Archer C50 ina AC1200 kwenye boksi na poti zake zote ni za 100. Archer C6 inafanana nayo dukani, ila poti zake ni za gigabiti. Ile TL-WR841N nyeupe iliyojaa nyumba za Afrika Mashariki ni ya 100 pande zote, sawa na MikroTik hAP lite inayopendwa na wenye saiba.

Kisha geukia kisanduku cha kampuni, na hapa kuna suluhisho la bure ambalo watu wengi hawalijui. Visanduku kadhaa vya faiba havina poti zinazolingana. Huawei HG8546M, kwa mfano, ina poti nne: LAN1 ni ya gigabiti, tatu zilizobaki ni za 100. EG8141A5 iko hivyohivyo. Kwa macho zinafanana kabisa. Fundi aliyekuja kufunga akichomeka ruta yako kwenye LAN3 kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake, utalipia 500 na kupokea 94 mpaka siku utakapohamisha waya hatua mbili pembeni. Hamisha sasa, pima tena.

Jaribio la mwisho la hatua hii ni kuiondoa ruta yako katikati. Kwenye nyumba nyingi kisanduku cha faiba chenyewe ni ruta, hivyo chomoa ya kwako, uchomeke kompyuta kwenye LAN1 ya kisanduku, upime. Kasi ikiruka hadi ulicholipia, ruta yako ndiyo kizuizi na mjadala umekwisha. Kama kampuni yako inatumia jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE zilizowekwa ndani ya ruta, kompyuta haitapata intaneti mpaka uziweke kwenye Windows, au uwaombe wakusaidie.

Hatua ya 6: poti nzuri, ubongo mdogo

Ruta za miaka ya nyuma kidogo zina poti za gigabiti lakini prosesa dhaifu. Kazi ya kutafsiri anwani ili nyumba nzima itumie anwani moja ya nje, NAT, inaila prosesa hiyo pakiti kwa pakiti. Linksys WRT54G ya 2002, moja ya ruta maarufu sana za enzi yake, ilikuwa na poti za 100 lakini prosesa yake haikuweza kuzijaza kwa intaneti.

Kutenganisha kosa hili na la poti, unganisha kompyuta mbili kwenye LAN ya ruta, weka iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, kwenye zote, moja uandike `iperf3 -s`, nyingine `iperf3 -c` na anwani ya ile ya kwanza. Mawasiliano ya LAN kwa LAN hayapiti kwenye prosesa kuu. Ukipata 940 hapo na intaneti ikabaki 250, prosesa ndiyo inayochoka.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na kwa visanduku vya Huawei mara nyingi 192.168.100.1. Zima QoS (kazi ya kupanga nani atangulie mtandaoni), takwimu za matumizi ya kila kifaa, na udhibiti wa wazazi, moja baada ya nyingine, ukipima kila mara. Vitu hivi hulazimisha kila pakiti ipite mikononi mwa prosesa badala ya njia ya mkato ya chipu. Palipoandikwa Hardware NAT, washa. Kwenye MikroTik hakikisha FastTrack iko kwenye firewall. Kwenye ruta yenye OpenWrt, programu huria ya ruta, washa flow offloading. Nimeona ruta ikipanda zaidi ya mara mbili kwa kuzima QoS pekee, QoS ambayo mwenye nyumba hakujua iliwashwa.

Kama ni kununua

Kwanza jaribu kuipigia kampuni. Kisanduku na mara nyingine ruta ni mali yao, na kifurushi walichokuuzia kinapaswa kuwa na kifaa kinachokibeba. Usiseme "intaneti iko slow". Watakuambia uzime uwashe. Sema: "Nimepima kwa waya, waifai ikiwa imezimwa, kompyuta inaonyesha 1000/1000, nimepata 94 asubuhi na usiku, na picha ninazo. Kifaa mlichonipa kina poti za 100. Naomba kibadilishwe." Nimeona maombi ya namna hiyo yakipita palipokuwa pamekwama kwa wiki.

Wasipobadilisha, na kisanduku chao kina gigabiti LAN1, nunua ruta yenye gigabiti kwenye WAN na LAN zote, basi. Usinunue swichi ya gigabiti ukitarajia itaiponya ruta ya 100. Swichi itazifanya kompyuta zako zizungumze zenyewe kwa 1000, jambo zuri kwa anayehamisha video kwenda kwenye diski ya mtandao, lakini kila kitu kinachotoka nje bado kitapita mlango ule mwembamba.

Za mtumba kutoka Uingereza ni nafuu na baadhi ni nzuri sana. Hakikisha ina poti ya WAN ya RJ45, yaani tundu la kebo ya kawaida ya mtandao. Nyingi zilitengenezwa kwa laini ya simu na zina tundu dogo la DSL tu. Muulize muuzaji kama imefungwa kwa kampuni ya huko. Angalia adapta yake ya stima inalingana na volti zilizoandikwa chini ya ruta. Na uangalie kama mtengenezaji bado anaitolea masasisho. Hii ndiyo sababu niliyoigusia mwanzoni: Mei 2025 FBI ya Marekani ilionya kwamba ruta zilizokoma kupata masasisho, zikiwemo kadhaa za Linksys za miaka ya 2010 na kabla, zilikuwa zikitekwa na kukodishwa kwa wahalifu kama njia ya kujificha. Ruta ya namna hiyo ningeitoa kwenye WAN hata kwa kifurushi cha 15.

Ile ya zamani, ikiwa bado inapata masasisho, inaweza kupeleka waifai chumba cha mbali: badili anwani yake isigongane na ya ruta kuu, zima DHCP (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), kisha chomeka waya kwenye LAN yake badala ya WAN. Kompyuta ya kazi isipitie humo. Na ukiamua kuiuza au kumpa jamaa, shikilia kitufe cha reset kwa pini kwa sekunde kumi hivi hadi taa zote zizime na kuwaka upya, kwa sababu nywila ya waifai yako na ile ya PPPoE bado zimo ndani.